Fundi, nasimamishaje mlingoti nikiwa peke yangu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ndogo ya tanga, futi 22, naivuta na gari kwenye treila. Mlingoti ni wa aluminiamu, mita 8 hivi, kama kilo 25, na chini una bawaba. Tukiwa wawili hakuna shida, mmoja anasukuma mwingine anavuta waya wa mbele. Ila siku hizi mara nyingi niko peke yangu, na juzi nilijaribu kuunyanyua kwa bega nikakwama katikati, kupandisha siwezi kushusha naogopa. Kuna namna? – Baharia Mpweke

JIBU: Marahaba, na pole sana, hapo katikati ulipokwama ndo penye hatari kuliko pote.

Wengi wanadhani shida ni zile kilo 25. Sio. Mlingoti ukiwa umelala kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti, uzito wake uko mbali na bawaba, kama mita 4, alafu ukivuta waya wa mbele kutoka omo (mbele ya boti) ule waya nao umelala karibu sambamba na mlingoti, yaani nguvu yako yote inausukuma mlingoti kwenye bawaba badala ya kuunyanyua. Ndo maana hata winchi ya treila ukiifunga hivyo hivyo inaumiza vitu tu.

Unachohitaji ni mti wa kunyanyulia. Chukua bomba imara la mita 2, au bumu la tanga lako (ile nguzo ya chini ya tanga) kama linafika, lisimamishe wima kwenye kitako cha mlingoti pale karibu na bawaba, kwenye ncha yake ya juu funga kamba inayokwenda juu ya mlingoti, na kutoka ncha hiyo hiyo shusha seti ya kapi mpaka omo. Kwa boti kama yako mwanzoni kamba itabeba kama kilo 65, ukipitisha kwenye kapi za kamba nne uzito unagawanyika kwa nne, mkono wako unavuta kilo 16, na msuguano tuseme 20. Kila mlingoti unavyopanda inazidi kuwa nyepesi. Kapi za demani ya tanga kubwa (kamba ya kuvutia na kulegeza tanga) zinafaa kabisa, hasa zenye meno ya kubana kamba maana unaweza kuachia mkono ukaenda kuangalia kitu, ila pima kamba kwanza, iwe umbali wa omo mpaka ncha ya mti mara nne na ziada.

Sasa naomba unisikilize hapa. Mlingoti hauanguki nyuma, unaanguka pembeni. Waya za pembeni zinakuwa zimelegea mpaka usimame kabisa, kwa hiyo wimbi dogo la boti iliyopita linatosha kuupindua, na mimi niliuona wangu ukienda hivyo, bawaba ikang'oka na kipande cha deki. Tangu siku hiyo nafunga kamba mbili za ziada, kulia na kushoto, kutoka kama mita 2 juu ya bawaba kwenda kwenye pete za deki, na ncha ya ule mti pia naifungia mbili zake. Pete hizo lazima ziwe kwenye mstari mmoja na pini ya bawaba, ukiangalia kwa pembeni zifunikane na pini, mbele nyuma na kimo pia. Zikiwa nje ya mstari huo, kamba iliyokuwa imekaza mlingoti umelala italegea au itakaza zaidi njiani, na ikilegea ni kama haipo. Kama deki yako iko chini ya pini, ongeza waya mfupi wenye pete inayofika kimo hicho. Hii kazi inachukua jioni nzima na ndo yenye maana kuliko kapi zote.

Wakati unavuta, angalia zile skrubu za kukazia waya pale chini. Zinapenda kusimama kwa pembe na kunasa, mlingoti ukipanda zinapinda kama msumari. Kamba ikiwa nzito ghafla usiongeze nguvu, simama ukatafute kilichonasa.

SWALI: Na nyaya za umeme, mbona unazisema kila toleo? – Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Kwa sababu zinaua. Aluminiamu inapitisha umeme, kaboni pia, mti uliolowa pia, na kwenye laini kubwa umeme unaruka hata hujagusa. Tazama juu kabla hujafungua kamba ya kwanza, tena tazama njia yote mpaka kwenye maji, kama kuna waya hamisha treila, usivute boti ikiwa imesimamisha mlingoti.

Na Baharia, siku ya kushusha ni hivyo hivyo kinyume: funga kwanza zile kamba nne za pembeni, alafu waya wa mbele usiuchomoe pini kabla kapi hazijakaza na kamba imebanwa kwenye meno.