Redio ya gari inatema CD: safisha lenzi kabla ya kununua redio mpya

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Isevya hapa Tabora, na mwisho wa wiki huwa naendesha kwenda Urambo kumwona mama. Gari ni dogo la Kijapani, lina redio yake ya asili inayopiga CD. Ilianza kwa kuruka ruka tukipita penye mashimo, sasa hata nikiegesha chini ya mwembe inagoma. Naingiza CD, inazunguka kidogo, inaandika ERROR, inaitema. CD za dukani inasoma kwa kubahatisha, za kuchoma haisomi hata moja. Redio yenyewe inaongea vizuri. Jirani ananiambia nivute spiriti kwenye sindano niipulize kwenye tundu la CD. Fundi mmoja anasema lenzi imekufa, ninunue redio mpya. Nina CD za kwaya za miaka mingi na sitaki kuzipoteza. Naweza kuisafisha mwenyewe nyumbani?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Unaweza, na umeeleza dalili vizuri kiasi kwamba nusu ya kazi umeshanimalizia.

Sindano ya jirani iache kabisa. Spiriti ikipulizwa tunduni haiendi kwenye lenzi. Inaanzia kwenye raba zinazovuta CD, inashuka na vumbi na grisi ya zamani, na tope hilo linatua popote linapotaka, pengine juu ya lenzi yenyewe au kwenye bodi ya umeme. Nimepokea redio nyingi zilizooshwa namna hiyo. Zilikuja na ugonjwa mmoja zikawa na mitatu.

Sasa tuzisome dalili zako. Redio ikiongea na CD ikigoma, umeme unafika, fyuzi ni nzima, spika hazina neno. Tatizo liko kwenye deki ya CD peke yake. Kinachonipa matumaini ni kwamba za dukani zinasomeka kwa bahati na za kuchoma zinakataliwa zote. Hiyo ni lenzi inayoona, ila inaona hafifu.

Chini ya CD kuna mwale wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, ambao macho yetu karibu hayauoni. Mwale huo unapita kwenye lenzi ya plastiki ndogo kama punje ya dengu, unagonga tabaka linalong'aa ndani ya CD na kurudi, na kile kinachorudi ndicho kinachogeuzwa kuwa sauti. CD ya kiwandani hurudisha takriban asilimia 70 ya mwanga au zaidi. Ya kuchoma inategemea rangi iliyounguzwa na leza ya kompyuta, na deki nyingi za zamani huzisoma alama zake kwa taabu. Zile za kufuta na kuandika upya hurudisha robo tu au pungufu, kwa hiyo usizitumie kupimia redio ya zamani. Ukungu mwembamba wa vumbi ukikaa juu ya lenzi, mwanga unapungua wakati wa kwenda na unapungua tena wakati wa kurudi. CD ya dukani ina akiba ya kuvumilia hasara hiyo, ya kuchoma haina.

Leza iliyochoka kwa umri nayo huleta dalili hizi hizi. Bila vipimo vya karakana huwezi kuzitenganisha kwa kuangalia, ndiyo maana tunasafisha kwanza, kisha tunahukumu. Fundi aliyesema lenzi imekufa bila kuifungua redio alikuwa anakisia. Na vumbi la kwetu kiangazi, Mei hadi Oktoba, unalijua mwenyewe: joto linakulazimisha kushusha vioo, na lile tundu la CD liko wazi muda wote katikati ya dashibodi.

Kabla ya kushika bisibisi, zikague CD zenyewe. Chagua moja ya dukani unayoiamini, ioshe kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, halafu ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaokatiza njia ya nyimbo deki inaweza kuuruka, lakini mkwaruzo unaofuata njia hiyo unafuta kipande kirefu kwa mkupuo. Kisha iinue mbele ya taa. Ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, tabaka limeshabanduka na hakuna dawa. Watu wengi huulinda upande wa chini na kuulaza upande wa maandishi popote, kumbe tabaka lenye nyimbo liko jirani kabisa na maandishi, chini ya vanishi nyembamba tu. Na CD yoyote iliyobandikwa karatasi ya jina isiingie tena kwenye gari. Karatasi hubanduka kwa joto na kubaki ndani.

Ikiwa CD safi nayo imetemwa, tufungue. Chomoa kwanza waya wa hasi kwenye betri. Kama redio yako ni ya aina inayodai namba ya siri baada ya kukatiwa umeme, hakikisha namba hiyo unayo kabla hujachomoa. Fremu ya plastiki inayozunguka redio imeshikwa na klipu. Ing'oe kwa kipande cha plastiki kilichofungwa kitambaa, gari likiwa limeota jua kidogo, kwa sababu plastiki ya miaka mingi ikiwa ya baridi hukatika. Magari mengi ya Kijapani yana boliti za spana namba 10 pembeni, au skrubu za nyota. Ivute redio taratibu, piga picha ya soketi za nyuma kwa simu, ndipo uchomoe waya na antena.

Kazi ifanyie mezani, ndani ya nyumba, feni ikiwa imezimwa, juu ya shuka jeupe ili skrubu ikidondoka uione. Shika kwanza chuma chochote kikubwa, dirisha la nondo linatosha, umeme tuli uliomo mwilini utoke. Leza ni kitu dhaifu sana mbele ya umeme huo.

Fungua kifuniko cha juu. Utaona deki imening'inia kwenye springi ndogo na vifuko vya raba vyenye mafuta mazito ndani. Hivyo ndivyo vinavyomeza mtikisiko wa barabara. Vikague, mwalimu, maana ulisema ugonjwa ulianzia kwenye mashimo. Kifuko kikiwa kimepasuka na mafuta yamevuja, CD itaruka barabara mbovu hata lenzi ikiwa safi kama siku ya kwanza, na hapo kinabadilishwa kifuko. Lenzi haina kosa.

Kwenye redio nyingine lenzi inaonekana mara tu kifuniko kikitoka. Kwenye nyingine imejificha chini ya mkono unaoibana CD, na itabidi utoe skrubu chache uuinue. Ukikutana na utepe mwembamba wa waya, usiuvute. Soketi yake mara nyingi ina kikufuli cha plastiki, kiinue kwa kucha ndipo utepe uchomoke wenyewe. Ukiona lazima utumie nguvu, rudi nyuma uangalie upya, kuna skrubu umeiacha.

Anza kwa upepo. Nunua duka la dawa kile kipira cha kuvutia makamasi ya watoto wachanga, kipya na kikavu, upulize vumbi lililolala juu. Usipulize kwa mdomo, mate hufika. Na usiende kwa wajaza upepo wa matairi: kompresa hutoa maji na mafuta pamoja na upepo, na lenzi imeshikiliwa na nyaya nyembamba zinazoiruhusu kupanda na kushuka. Upepo wa tairi utazikunja.

Baada ya hapo, pamba ya masikio na spiriti. Inayofaa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ukiikosa ukapata spiriti ya duka la dawa, ijaribu kwanza, kwani baadhi huchanganywa mafuta ya kulainisha ngozi. Dondosha tone kwenye kioo, lisubiri likauke. Likiacha ukungu au alama ya mviringo, hiyo si ya kazi hii. Petroli, thina na maji ya kutolea rangi ya kucha usivisogeze kabisa: lenzi ni plastiki, vinaifanya iwe nyeupe na haitarudi.

Lowesha pamba, ikamue kwenye ukingo wa kizibo isidondoke, kisha iguse lenzi kwa uzito wa pamba yenyewe, bila mkono kusukuma. Lenzi itazama kidogo na kurudi juu, usishtuke, ndivyo ilivyotengenezwa. Zungusha taratibu mara chache, badilisha pamba, malizia na kavu. Mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni: iliyo safi hung'aa kwa rangi ya bluu inayokaribia zambarau, isiyo na kimvuli cha kijivu. Kama kijivu kimebaki, rudia kwa spiriti mpya. Usiongeze nguvu.

Ukiwa humo ndani, angalia reli ambayo lenzi husafiria. CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na orodha ya nyimbo imeandikwa katikati kabisa. Deki ikishindwa kuisoma orodha hiyo haijui hata imepewa nini, ndiyo maana yako inaitema. Redio inayopiga nyimbo za mwanzo vizuri na kukwama kwenye za mwisho, hiyo mara nyingi ni reli iliyokauka. Zungusha gia kwa kidole uone kama lenzi inakwenda na kurudi bila kukwama. Grisi iliyogeuka nta ifute, upake mpya nyeupe ya gia za plastiki, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Oili ya injini hutambaa mpaka kwenye lenzi, na mafuta ya kujipaka huyeyuka kwa joto la dashibodi, vyote viwili viache. Raba za kuvutia CD zifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa, ziache zikauke.

Rudisha kila kitu, funga kifuniko, ndipo uunganishe redio kwenye gari ujaribu. Usiiwashe ikiwa wazi ukachungulia lenzi. Leza hii ni ndogo, lakini kwa kuwa huioni, jicho halifumbi kujikinga.

Pembeni ya kichwa cha lenzi, au kwenye utepe wake, unaweza kukuta kiskrubu kidogo kuliko vyote. Hicho hurekebisha nguvu ya leza, na kilipangwa kiwandani kwa vifaa vya vipimo. Kuna mafundi hukizungusha mbele ya mteja, CD inasoma papo hapo, mteja analipa anafurahi. Leza inayosukumwa kupita kiwango chake inaungua haraka, na wiki chache baadaye redio inanyamaza kabisa. Nakuomba usikiguse, na usimruhusu mtu akiguse bila kipimo. Pamba na spiriti vinaweza kushindwa, lakini havikuachii redio mbovu kuliko ilivyokuwa.

Kuhusu CD za kwaya, usisubiri redio ipone. Kwaya nyingi za mitaani na parokiani zilirekodi nakala chache, na huzikuti kwenye intaneti. Jioni ya leo mtafute mwenye kompyuta yenye deki ya CD, azinakili zote kwenye flashi bila kubana sana mafaili ya sauti. Deki ya kompyuta hurudia kusoma mahali palipokwaruzika mara nyingi kuliko ya gari, kwa hiyo hata zilizogoma garini zinaweza kutoka. Nakala moja iende kwa mama Urambo. CD za asili zitunze kwenye makasha yake ndani ya nyumba, kwenye gari upige nakala.

Ukiamua hata hivyo kununua redio nyingine, soma masafa yake ya FM kabla ya kulipa. Nyingi zilizotoka Japani huishia megahezi 90, na stesheni zetu zinafika hadi 108. Usije ukapata CD ukapoteza redio.

Na kama umesafisha kwa utaratibu huu, CD mpya ya dukani bado inatemwa, basi leza imechoka kweli. Hapo kinabadilishwa kichwa cha lenzi peke yake, redio inabaki. Namba yake imechapwa kwenye kichwa chenyewe au kwenye utepe. Ipige picha uitume kwa muuza vipuri, usimtumie jina la gari, kwa sababu gari la aina moja linaweza kuwa na deki tofauti tofauti. Vichwa vipya aghalabu huja na tone la risasi lililounganisha nukta mbili za leza ili kuikinga na umeme tuli njiani. Utepe ukishaingia kwenye soketi, tone hilo linatolewa kwa pasi ya kulehemu yenye ncha ndogo. Mwambie fundi alitazame, kwani likisahaulika leza haiwaki, redio inaandika ERROR ile ile, na kichwa kipya kinatupwa kwa kudhaniwa ni kibovu.