Sindano ya pili ya pepopunda usiikimbie

Mimba yangu ya kwanza nilichomwa sindano ya pepopunda mara moja, ya pili nikaikimbia. Saluni walikuwa wakisema inafunga kizazi, nami nikaamini, maana mkono ulikuwa umeniuma siku mbili nzima.

Aliyenirudisha kliniki ni mama mkwe. Alinikalisha jikoni akanisimulia habari za mtoto wake wa pili, aliyemzalia nyumbani. Kitovu kilikatwa kwa wembe uliokwishatumika, kikapakwa majivu. Siku ya sita mtoto akaacha kunyonya. "Nampa titi, mdomo umebana, hata ncha ya kidole haipiti." Mlango ukibamizwa, au mtu akimgusa tu, mwili mzima unakakamaa. Watu wakasema degedege. Siku ya nane wakamzika.

Ile ilikuwa pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na haviwezi kumalizwa. Kwa kuwa haiambukizwi mtu kwa mtu, kuchanjwa kwa jirani yako hakumsaidii mwanao hata kidogo. Kinga anayozaliwa nayo ni ile inayotoka kwenye damu yako na kupita kwenye kondo la nyuma. Tanzania ilithibitishwa kuitokomeza kwa akina mama na watoto wachanga mwaka 2012, lakini maana yake ni kwamba kila wilaya ina chini ya mgonjwa 1 kwa watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Tukiacha kuchanja, inarudi.

Kama hujawahi kuchanjwa, dada yangu, pata ya kwanza siku ile ile unayoanza kliniki. Ya pili ifuate baada ya wiki 4 au zaidi, na iwe imepita angalau wiki 2 kabla hujajifungua, mwili upate muda wa kutengeneza kinga. Mkono kuuma ni kawaida. Na kizazi hakifungwi. Mimi baada ya hapo nimezaa wengine wawili.

Kadi usiitupe. Dozi zinahesabiwa kuanzia hapo hata mimba zijazo, na zikifika 5 kwa mpangilio wake zinakukinga miaka yako yote ya kuzaa. Kitovu nacho kiache kikavu, usipake majivu wala mafuta.

Nilipojifungua, mama mkwe alikuja kukaa nami. Kila alfajiri alikuwa akisimama mlangoni kimya, anamtazama mjukuu wake akinyonya. Asubuhi ya siku ya tisa hakusimama mlangoni. Aliingia, akambeba.