Isolette ya babu: pete iliyoganda na madoa meupe

Pole ndugu kwa hiyo Isolette ya babu yako, kamera ya zamani ya Agfa inayokunjwa, iliyoganda pete na kutoa picha zenye madoa. Pete ya lenzi isiyozunguka usiikamate na koleo, utaing'oa! Ni ile grisi ya kijani ya Agfa. Ikizeeka hugeuka gundi. Tone moja la petroli ya laita kwenye uzi wa pete, uiache, kesho ujaribu tena taratibu. Nyingine hudai siku tatu.

Madoa meupe kwenye picha yanatokana na mvukuto, ule mkunjo-mkunjo kati ya lenzi na mwili wa kamera, kupitisha mwanga. Usiku zima taa, ingiza tochi ndogo ndani: kona inayometameta kama nyota imetoboka. Rangi nyeusi huziba kwa muda tu, hatimaye utatafuta mvukuto mpya.

Halafu fungua kamera polepole, ndipo usogeze filamu. Ukifyatua mlango wa mbele, ule unaotoa lenzi, kwa kishindo, hewa huivuta filamu ikabinuka.