Hela za halmashauri na watoto wetu wadogo: maswali yenu, majibu yangu

Mwangaluka wana Mwanza na wote wa ukanda wa ziwa. Niliandika hapa kwamba kwenye mipango ya halmashauri zetu watoto wa chini ya miaka 5 wanasahaulika sana, na maswali yamemiminika. Nimechukua machache, majina nimeyaacha.

Mama wa dagaa, Igombe: "Kila siku tunasikia madarasa yamejengwa. Sisi tunaoanika dagaa, mtoto wa miaka miwili namuacha wapi?"

Mama yangu umegusa penyewe. Darasa la awali ni mwaka mmoja kabla ya la kwanza, lipo kwenye sera ya elimu ya 2014 na kuanzia Januari 2016 shule za serikali halina ada, na hela kubwa imeingia huko, mradi wa BOOST peke yake ni dola milioni 500 za Benki ya Dunia kwa ajili ya awali na msingi, yale madarasa ya mfano ya awali mengine mmeyaona wenyewe ukutani yana picha za wanyama na herufi. Ni kitu kizuri wala sipingi. Ila mtoto ambaye hajafika umri huo ni wa mama yake, au wa bibi, au wa dada yake wa miaka tisa ambaye na yeye alitakiwa awe shule.

Nenda mwalo wowote, pale mitumbwi inaposhushia samaki, siku za giza zisizo na mbalamwezi uone. Mitumbwi ya dagaa inaingia alfajiri, akina mama wameshajipanga na ndoo, jua likitoka dagaa inabidi ziwe zimeshamwagwa na kutandazwa maana zikichelewa zinaharibika na hela imepotea. Mtoto yuko hapo hapo, kakalishwa juu ya kanga pembeni ya kreti, anachezea vichwa vya dagaa, inzi usoni, na maji yako hatua chache kutoka alipokaa. Huyu mama ukimjengea deikea inayofunguliwa saa mbili asubuhi hujamsaidia chochote, anahitaji kituo kinachofungua saa kumi na moja.

Ndo maana nasema kipaumbele namba moja kwa halmashauri zenye mialo na masoko kiwe ni vituo vya kulelea watoto karibu na pale watu wanapofanyia kazi. Ushuru wa samaki na dagaa unakusanywa hapo hapo mwaloni kila siku, ni jasho la hawa hawa akina mama, sioni kwa nini sehemu yake isirudi kwa watoto wao. Na jengo lisiwe la kifahari, chumba chenye hewa, uzio, choo cha saizi ya mtoto, maji ya kunawa, sufuria ya uji na walezi waliofundishwa ambao wanalipwa kila mwezi. Nikiambiwa nichague kati ya jengo zuri na malipo ya walezi mwaka mzima naanza na walezi, maana majengo mazuri yasiyo na mtu ndani tunayo mengi.

Baba wa watoto wanne, Ukerewe: "Kwani nani anapanga hizi hela, diwani au mkurugenzi?"

Kaka inaanzia kwenu kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa uwe kila miezi mitatu, pale ndo mahitaji yanatajwa, yanapanda kamati ya maendeleo ya kata, yanafika halmashauri wataalamu wanayaweka kwenye makadirio, baraza la madiwani linapitisha mwanzoni mwa mwaka, yanaenda mkoani, TAMISEMI, Bunge, alafu mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Sasa ukija kulalamika mwezi wa tano ujue treni imeshaondoka. Muda wa kupiga kelele ni kuanzia mwezi wa kumi hivi, kabla kata haijapeleka.

Na kuna kitu kinaniuma kwenye hii mikutano. Wanaokaa mbele ni wanaume, watataja barabara, maji, zahanati, vyote vya kweli, ila mwenye mtoto mgongoni muda huo yuko shambani au ziwani, kwa hiyo suala la mtoto wa miaka miwili halisemwi na lisiposemwa haliandikwi. Baadae diwani akiulizwa anasema wananchi hawakuomba, na hapo anakuwa anasema kweli. Ombeni mkutano uwekwe muda ambao akina mama wanaweza kuja, na mkishasema hakikisheni mtendaji ameandika kwenye muhtasari.

Msomaji wa Misungwi: "Hii shilingi 1,000 ya kila mtoto ni kweli ipo?"

Ipo. Ni agizo la serikali kwamba kila halmashauri itenge kwenye mapato yake ya ndani angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Haiji mkononi mwako. Inatakiwa igharamie vitu kama matone ya vitamini A na dawa za minyoo mwezi wa sita na wa kumi na mbili, siku ya afya na lishe ya kijiji, matibabu ya watoto wenye utapiamlo mkali. Piga hesabu, halmashauri yenye watoto 50,000 hiyo ni milioni 50. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani karibu mmoja kwa kila watatu, kwa hiyo hiyo milioni 50 isiachwe kwenye karatasi tu. Swali la kumuuliza diwani wako ni moja, zimetengwa ngapi na zimetoka ngapi, maana hizo ni namba mbili tofauti kabisa.

Mama wa Mabatini: "Mbona wanasema elimu bila ada alafu mwanangu wa awali naambiwa nichangie uji?"

Dada hapo shule haijakuonea. Waraka wa elimu bila malipo uliacha sare na chakula cha mtoto wa kutwa kwa mzazi. Kisichoruhusiwa ni mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu hujachangia, hilo ukiliona mwambie afisa elimu kata siku hiyo hiyo. Maoni yangu mimi ni kwamba kwa watoto wa awali halmashauri ingebeba angalau sehemu ya uji, maana mtoto wa miaka mitano mwenye njaa saa nne asubuhi hata umuwekee mwalimu bora Tanzania nzima hashiki kitu.

Kikundi cha akina mama, Sengerema: "Tunaweza kuchukua mkopo wa asilimia 10 tukafungua kituo cha watoto?"

Mnaweza kuomba, na natamani vikundi vingi vifikirie hivi. Ile ni asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 na ikarudi mwaka uliofuata. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ila niwe mkweli kwenu, kulea watoto wa maskini hakulipi haraka kama kununua na kuuza mchele, mzazi anayelipa shilingi mia tano kwa siku hawezi kubeba rejesho la mkopo na uji na mlezi kwa pamoja. Kwa hiyo msikubali halmashauri iwape mkopo alafu iseme imemaliza kazi ya malezi. Waombeni chumba bure, hata godauni la kijiji lililokaa bila kazi, na semina ya walezi. Mkopo uwe wa vifaa.

Kijana wa Nyegezi: "Shemeji yuko Glasgow anasema kule mtoto wa miaka mitatu analipiwa. Ni kweli?"

Kweli kabisa. Uskoti tangu Agosti 2021 kila mtoto wa miaka 3 na 4, na baadhi wa miaka 2, ana haki ya saa 1,140 kwa mwaka bila mzazi kulipa, na wanaosimamia ni halmashauri. Usilinganishe pochi zetu na zao. Cha kuiga ni kwamba saa zimeandikwa kwenye sheria, kwa hiyo halmashauri haiamki siku moja ikaamua mwaka huu watoto wasubiri.

Mkazi wa kando ya ziwa, Buchosa: "Tulizika mtoto wa jirani, alizama mama akiwa shamba. Hivi hili nalo ni suala la bajeti?"

Poleni sana, na ndio, ni suala la bajeti, tena ndo sababu yangu kubwa ya kuandika haya yote. Huku kwetu mtoto akizama tunasema ni mipango ya Mungu na mama anabeba lawama maisha yake yote, wakati hakuwa na pa kumuacha. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2014 kuhusu kuzama liliweka hili wazi, mojawapo ya njia za kuokoa watoto wadogo ni kuwa na sehemu salama mbali na maji yenye mtu wa kuwaangalia. Bangladesh walifanya hivyo vijijini, mama wa kijiji na msaidizi wake wanakaa na watoto wa mwaka mmoja mpaka mitano kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, kwa sababu huo ndo muda wazazi wanazidiwa na kazi. Vifo vya kuzama kwa watoto waliokuwa wanapelekwa vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hawakujenga magorofa, wengi walitumia nyumba ya huyo huyo mlezi.

Kwa hiyo siku mtu akisimama kwenye mkutano akasema deikea ni anasa za watu wa mjini, mtajieni watoto mliowazika. Samahani kwa ukali, ila hili siwezi kulisema kwa upole.

Mzazi wa Buhongwa: "Darasa la awali limejaa mpaka wanakaa chini, mwalimu mmoja."

Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Walimu wanaajiriwa na serikali kuu kwa hiyo mkurugenzi hawezi kukuletea kesho, ila anaweza kutenga posho ya mwalimu wa kujitolea na mikeka kwenye mapato ya ndani. Pitia kwa kamati ya shule, mpeleke idadi iliyoandikwa.

Jirani mwema, Igoma: "Kuna mama kafungua deikea chumba kimoja, watoto wengi, dirisha dogo. Niripoti?"

Kituo cha kulelea watoto kinatakiwa kiwe na usajili chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo mwambie afisa ustawi wa jamii, sio polisi. Na anza kwa kuongea na huyo mama mwenyewe, mara nyingi hajui utaratibu au anaogopa gharama. Kikifungwa leo wale watoto kesho watakuwa barabarani au wamefungiwa ndani peke yao, nimeona ikitokea. Mwombe afisa aje amkague, amwambie nini kirekebishwe na kwa muda gani, apunguze watoto, atoboe dirisha la pili, apate mtu wa kumsaidia.