Kazi ya mwanaakiolojia haiishii shimoni

Ndugu, umeuliza kama aliyesomea akiolojia ana kazi nyingine zaidi ya kuchimba, na kama wenyeji hufaidika na lolote. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuyachimbua magofu ya Gede, karibu na Malindi, mwaka 1948, wasomi wengi waliamini kwamba miji ya mawe ya pwani ilikuwa kazi ya wageni kutoka Arabuni na Uajemi. Dhana hiyo ilitikiswa na uchimbaji wa tabaka za chini zaidi, hasa ule wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ambako Mark Horton na wenzake walikuta, chini ya msikiti wa mawe, alama za nguzo za misikiti midogo ya miti, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Kwa hiyo mji ulikua pale pale, kidogo kidogo, mikononi mwa wakazi wake, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida ya kwanza ya wenyeji, ingawa haijazi chungu.

Chungu nacho kimekumbukwa: tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo ulioko hapo hapo Gede huwauzia wateja wa ng'ambo vipepeo wachanga, wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, wanaofugwa na wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kazi za namna hiyo, pamoja na makumbusho na kuongoza wageni, huhitaji mtaalamu anayejua kuketi na wazee na kuwasikiliza, ujuzi ambao, kwa maoni yangu, vyuo huufundisha kidogo mno.