Kwenye mawe, shuka kwanza utembee

Dereva mgeni akijiunga na msafara wa klabu yetu ya kuendesha magari kwenye njia mbovu, wenzangu humuuliza ana tairi gani na winchi gani (mashine ya waya ya kulikwamulia gari). Mimi humuuliza kama amekuja na viatu vya kutembelea. Kwenye Rhino Charge, mashindano yanayofanyika Kenya tangu 1989, magari hupewa muda wa saa 10 kupita vituo 13, na mshindi ni yule aliyevipita vyote kwa umbali mfupi zaidi, hata kama hakufika wa kwanza. Ndiyo maana vikosi huwa na watu wa kukimbia mbele ya gari, wakitafuta pa kupita.

Nasi wa matembezi ya kawaida tufanye vivyo hivyo. Shuka, tazama jiwe lililochomoza kuliko mengine, kisha uchungulie chini ya gari ujue difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, imekaa upande gani. Wengi hulipitisha jiwe katikati ya magurudumu wakidhani wamelikwepa, kumbe ndipo difu inapogonga. Lipande kwa tairi, ekseli iinuke nayo.

Mwelekezaji awe mmoja tu! Watu watano wakipiga kelele, dereva haelewi lolote. Asimame mbele, pembeni kidogo, pale anapoonwa, na atumie mikono: kulia, nyoosha, simama. Akisema simama, unasimama hata kama unaona njia ni nyeupe. Yeye analiona gurudumu. Wewe unaona boneti.

Upepo wa tairi mimi huushusha kutoka psi 35 hadi 20 hivi, ili tairi ilale na kulishika jiwe. Bila pampu ya kujazia usithubutu, maana ukirudi lami hivyo tairi hupata moto na gari huyumba. Ingiza 4L (magurudumu yote manne yavute kwa mwendo wa chini), gia ya kwanza, mguu utoke kwenye klachi. Vidole gumba viwe nje ya usukani, kwa sababu jiwe likilipiga gurudumu, usukani hujizungusha ghafla na kuvunja kidole. Na mizizi iliyolowa inateleza kuliko mawe yenyewe: ivuke ukiikabili moja kwa moja, kamwe usiende sambamba nayo.

Ukikwama na kuhitaji mti wa kufungia waya wa winchi, zungushia shina mkanda mpana. Waya mtupu huchuna gome pande zote na mti hukauka, jambo linaloniuma sana. Kabla ya kuvuta, tupia koti zito juu ya waya, na kila mtu asogee mbali kuliko urefu wa waya uliotolewa.