Juisi ya moto ya matufaha kwa baridi la Newala

Wale mnaodhani Mtwara yote ni joto la baharini njooni Newala mwezi wa saba, upepo ukipanda pale Shimo la Mungu kutoka bonde la Ruvuma unakufuata mpaka ndani ya shuka. Kwetu ndo kipindi ukoo unakutana, na mwaka juzi nikasema chai ya tangawizi imetosha, ngoja niwapikie ile saida (cider) ya viungo wanayokunywa Marekani wakati wa baridi. Kule saida ni juisi ya matufaha tu, ila Uingereza ukiagiza saida unaletewa pombe, kwa hiyo mbele ya wazee we sema juisi yaishe.

Mara ya kwanza niliharibu jamani. Nilitia karafuu ya unga vijiko viwili afu nikaiacha inatokota kama maharage, ikawa tope na ulimi unakufa ganzi, mjomba akaonja akaniuliza "hii ni ya jino la juu au la chini?"

Siku hizi natumia lita 4 za juisi ya boksi, mdalasini vijiti 3, karafuu nzima 10 tu (ukiona mkono unataka kuongeza, uzuie), iliki chache na tangawizi kipande cha kidole, iponde. Sufuria iwe ya stili, ya alumini inagombana na ule uchachu unapata ladha ya chuma. Na moto sasa, hapo ndo wengi wanafeli, mkaa ufunike na majivu, ukiona mvuke na vipovu vidogo pembeni basi iache hapohapo nusu saa isichemke. Machungwa 2 ya kukata na maganda yake yanaingia dakika 10 za mwisho, yakikaa sana ile nyeupe ya ganda inaleta uchungu.

Najua mtu atauliza kwani mabibo, yale matunda ya mkorosho, yana nini mpaka nitumie matufaha. Ndugu, mwezi wa saba bado tunapuliza salfa (dawa ya ukungu) kwenye mikorosho, matunda bado, mabibo utayatoa wapi? Na yenyewe yanakaba koo.

Anayetaka kilevi atie kwenye kikombe chake mwenyewe, sio kwenye sufuria, wengine hawatumii na isitoshe kwenye moto kinapaa kingi unabaki na hasara.

Chuja, jaza kwenye chupa za chai, unapata vikombe kama 20. Pembeni weka korosho za kukaanga, zile zilizovunjika zinatosha, nzima wauzie wageni wa Dar.